Mkono wa Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigishwa godoro. Nasema hivi mapema ili wewe kijana unayesoma usije ukadhani kwamba mpiga drams huanzia jukwaani, taa zikimmulika usoni. Mimi nilianzia chumbani kwa mtu, Makongeni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, asubuhi, huku jirani wa upande wa pili wa ukuta akiwa amelala baada ya zamu ya usiku.

Mwenye chumba alikuwa kiongozi wa bendi. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ugadi wa treni, yaani yule mtu wa behewa la nyuma mwenye filimbi na bendera, na kwa hiyo sote tulimwita Gadi, hata mke wake. Alinipa vijiti viwili, akanikalisha kwenye stuli mbele ya kitanda.

"Piga," akasema.

"Nipige wapi?"

"Si hapo mbele yako? Mto ni snea. Godoro ndilo ngoma ya mguu, lipige teke. Ukimwamsha Mzee Odera hapo nyuma ya ukuta, umefeli."

Nieleze kidogo. Snea ni ile ngoma fupi inayokaa katikati ya magoti, yenye nyaya chini zinazoipa mlio wa kukwaruza. Ukiipiga, inakurudishia kijiti mkononi kikiwa tayari kwa pigo linalofuata. Mto haurudishi kitu. Unakimeza kijiti na kukaa nacho, na wewe inabidi ukiinue kwa nguvu ya kifundo cha mkono, kila pigo, bila kusaidiwa. Nilipomaliza nyimbo tatu shati lilikuwa limenigandia mgongoni na manyoya ya mto yalikuwa yanaelea chumbani kama kuku amechinjwa.

Gadi alikuwa ameegemea mlango, ameshika saa yake ya kazi.

"Una kasi moja," akasema. "Hiyo ndiyo naitafuta. Hawa wengine huanza kama treni ya mizigo, wakamaliza kama mchuuzi aliyeona askari wa kanjo."

Mzee Odera hakuamka. Nikapata kazi, na nikapata jina. Tangu siku ile naitwa Godoro. Hata siku ya harusi yangu mshereheshaji alilitangaza kwenye kipaza sauti, na baba mkwe akataka aelezwe jina hilo limetoka wapi kabla sherehe haijaendelea.

Kwa hiyo ukitaka kuanza kazi hii na huna seti ya drams, usife moyo. Una mto. Anza leo.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne. Gadi aliimba na kupiga gita la pili. Njoro, fundi wa miwani wa barabara ya Jogoo, alipiga gita la solo. Swale, mtoto wa Majengo, alipiga besi, lile gita la nyuzi nene linalosikika tumboni kuliko masikioni. Mimi nilikaa nyuma. Muziki wetu ulikuwa roki, na mtaani kwetu wakati ule watu walitaka rumba na benga. Tulipopiga mara ya kwanza hadharani, fundi mmoja wa redio alitufuata baadaye kwa huruma, akamwambia Njoro, "Kijana, lete hilo gita nikutazamie. Linakoroma. Sitakutoza kitu."

Kazi ya mpiga drams si kelele, ingawa majirani watakuambia vingine. Kazi yake ni kushika mwendo. Ndiye anayegonga vijiti mara nne kabla ya wimbo ili wote waingie pamoja, na ndiye wanayemsikiliza wanapopotea. Na kwa kuwa anakaa nyuma, huwajua wenzake kwa migongo. Mabega ya Njoro yakipanda, amesahau mahali tulipo. Gadi akikunja shingo, mtu ataulizwa maswali baadaye.

Gadi aliendesha bendi kama reli. Mazoezi yalikuwa Jumamosi, yakianza saa nane kamili, na nyimbo zilifuatana kwa mpangilio uleule kila wiki. Wimbo haukuanza, "uliondoka". Haukuisha, "uliwasili".

"Wimbo wa tatu umechelewa kuondoka!" angesema. "Njoro, ni nini?"

"Nafunga uzi, Gadi."

"Abiria hawajui habari ya uzi."

Sasa nije kwenye jambo lililonitia ndani ya kazi hii mzima mzima. Nilikuwa natunga. Nilitunga wimbo nikiwa kwenye foleni ya maji, nikigonga mtungi wangu wa plastiki kwa vidole. Bomba la mtaani lilikuwa na tabia zake. Lilikohoa, likatema kutu, likakata. Watu wakakaa juu ya mitungi yao, wakatukanana, wakapatana, wakachumbiana. Kisha mtu akapiga kelele mbele na sote tukasimama. Wimbo nikauita "Maji Yamerudi". Beti mbili za bomba kukohoa, halafu kiitikio, halafu kelele zote tulizonazo.

Mpiga drams hutunga kwa njia ya ajabu kidogo. Sikujua kupiga gita, kwa hiyo nilianza na mapigo, nikaweka maneno juu yake, kisha nikamwimbia Njoro sehemu ya gita kwa mdomo, wiu wiu, mpaka akaipata. Njoro aliupenda. "Manze Godoro, hii ni moto," akasema. Gadi aliisoma karatasi yangu kama tiketi anayoishuku.

"Wewe ni injini," akaniambia. "Tangu lini injini ikachagua inakokwenda?"

"Nakuomba tuupige mara moja tu mbele ya watu, Gadi."

"Tutaona."

Basi hicho ndicho nilichokitaka katika ujana wangu, kuliko mshahara na kuliko sifa: wimbo mmoja wa kwangu upigwe mbele ya watu. Gadi aliuweka mwisho kabisa wa mpangilio wa mazoezi, na sote tulijua sababu. Alitumaini wakati utaisha kabla ya kuufikia.

Tulifanyia mazoezi Pumwani, katika ukumbi mdogo ulio karibu na msikiti. Mwenye kushika funguo alikuwa mama mmoja wa Majengo, Bi Zuhura, aliyekaa kwenye kiti mlangoni akichambua mchele, na juu ya kichwa chake ukutani kulikuwa na swichi kubwa ya umeme. Masharti yake yalikuwa machache.

"Pigeni hayo makelele yenu, mimi sina neno," alisema. "Ila ikiadhiniwa alasiri, mnyamaze. Adhana ikiisha mmalizie mlichokianza, kisha mkusanye vyombo vyenu mwende. Watu wasali."

Tukakubali, tena kwa moyo mmoja. Shida ni kwamba muziki wa roki hausikii adhana. Jumamosi ya kwanza tulikuwa katikati ya "Maji Yamerudi", ubeti wa pili umeisha, ninavuta pumzi niingie kwenye kiitikio, mara magita yote yakafa. Bi Zuhura alikuwa amesimama na kushusha swichi. Lakini drams hazina swichi. Nikaendelea peke yangu, nimefumba macho kwa raha, hadi nilipohisi toazi limekuwa zito. Nikafumbua macho. Bi Zuhura alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

"Na wewe ndiye mkaidi wao?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Njoro alilalamika kwamba umeme ukikatwa ghafla vikuza sauti vitaungua. Basi tukatengeneza utaratibu. Bi Zuhura alikuwa na masikio mazuri na alikaa mlangoni, kwa hiyo adhana ikianza angeinua mkono, nasi tungenyamaza. Mkono ungebaki juu mpaka muadhini amalize. Ukishuka, tungeendelea. Mimi ndiye niliyekaa nikitazamana na mlango, kwa hiyo mimi ndiye niliyeutazama mkono na kuwaingiza wenzangu.

Hapo ndipo nidhamu ya Gadi ilipofanya kazi yake. Tulianza saa ileile kila Jumamosi, kwa nyimbo zilezile, kwa mwendo uleule. Muadhini naye hakuchelewa. Ikawa adhana inatukuta palepale kila wiki, mwisho wa ubeti wa pili wa wimbo wangu. Baada ya muda hatukuhitaji hata mkono kuinuka. Ubeti uliisha, tulinyamaza wenyewe. Swale aliegemeza besi na kunywa maji. Njoro alifuta miwani. Gadi alitazama saa yake akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeona treni mbili zikipishana salama. Mkono ukishuka, nagonga vijiti, tunaingia. Kwa miezi kadhaa wimbo huo hatukuwahi kuupiga kwa namna nyingine.

Kisha likaja jambo la hoteli. Hoteli moja ya mjini ilikuwa inatafuta bendi ya kupigia vijana dansi za Jumapili mchana. Meneja alitaka kutusikia kwanza mbele ya ukumbi uliojaa. Gadi aliniita kando.

"Wimbo wako utakuwa wa mwisho," akasema. "Wakicheza, nitakuomba radhi. Wasipocheza, Godoro, usiniletee karatasi tena mpaka nistaafu reli."

"Sawa, Gadi."

"Na nyoa ndevu."

Watu wa mitaa yetu walikuja kwa wingi, wa Makongeni, wa Majengo, wengine kwa miguu. Bi Zuhura pia alikuja, akiwa na leso mpya, kuwatazama "watoto wangu wa makelele". Ukumbi mzima ulikuwa na viti vizuri, lakini yeye alichagua kiti cha mlangoni kwa sababu ndiko alikozoea kukaa. Akaagiza soda ya chungwa.

Tulipiga vizuri. Kila wimbo uliondoka na kuwasili kwa wakati. Hatimaye Gadi akatangaza "Maji Yamerudi", bila kumtaja mtunzi, nami nikagonga vijiti. Ubeti wa kwanza, watu wakaanza kusogea katikati. Wa pili, nikaona mabega yanatikisika. Moyo wangu ulikuwa umejaa. Na ubeti wa pili ulipoisha, sote wanne tukanyamaza.

Nililishika toazi lisilie. Swale akaegemeza besi, akafungua chupa ya maji. Njoro akavua miwani. Gadi akatoa saa.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba hapakuwa na adhana. Tulikuwa mjini, ghorofani, mapazia mazito yameshushwa. Ukumbi ulikuwa umesimama, mikono ya wachezaji bado iko hewani.

"Stima imepotea?" mtu akauliza.

"Si taa hizo hapo, buda? Wamesahau wimbo!"

"Yule wa besi anakunywa maji. Hana hata wasiwasi."

Nikaona shingo ya Gadi inakunjwa. Alikuwa ametambua. Nikajua kwamba wimbo wangu unafia mikononi mwangu, na kwamba inatosha kugonga vijiti mara nne kuuokoa, lakini mikono ilikataa. Kwa miezi yote ile ilikuwa imefundishwa kungoja kitu kimoja. Nikatazama mlangoni. Njoro akatazama nilikotazama. Swale pia. Gadi pia. Halafu ukumbi wote ukageuka kuona tunatazama nini.

Bi Zuhura alikuwa na mrija wa soda mdomoni. Alipoona macho ya watu wote yako kwake, alifanya alichokizoea. Aliinua mkono.

Ukumbi ukanyamaza kabisa, hata wale wenye maneno. Nadhani walidhani ni mtu mkubwa. Mkono ukakaa juu, na mama wa watu hakujua aufanye nini. Kisha haya ikamshika, akaushusha upesi na kujifunika leso usoni.

Nikagonga vijiti. Tukaingia wote wanne kwa pamoja, "Maji yamerudi!", na ule ukumbi ukaruka. Sijapata kuona tena kitu kama kile. Watu wa mitaa yenye bomba linalokata walikuwa wameuelewa ule ukimya kuliko sisi tulioufanya. Bomba limekauka, tumekaa juu ya mitungi, hatujui litarudi lini, na sasa limerudi! Walipiga meza, wakapiga chupa, wakaimba kiitikio ambacho hawakuwahi kukisikia. Hata mhudumu mmoja aliweka sinia chini.

Meneja alikuja nyuma ya jukwaa akifuta jasho kama aliyekuwa akicheza.

"Ile sehemu ya bomba kukauka," akasema, "nani aliifikiria?"

"Ilipangwa, bwana meneja," Gadi akajibu bila kupepesa. "Tumeifanyia mazoezi kila Jumamosi."

Na katika hilo hakusema uongo. Meneja alipoondoka, Gadi alinigeukia.

"Godoro. Leta karatasi nyingine."

Kazi ya hoteli tukaipata, tukamwomba Bi Zuhura awe anakuja kila Jumapili. Alikataa. "Mimi nina nyumba, nina wajukuu, niwe nakuja mjini kuinua mkono?" Lakini alinifundisha namna ya kufanya bila yeye. Akasema, "Adhana umeisikia mara ngapi? Iache ipite moyoni mwako mpaka mwisho, kisha uingie. Usiikimbize." Mimi ni Mkristo wa Makongeni, lakini nilikuwa nimeisikia vya kutosha kuujua urefu wake. Basi kila Jumapili ukumbi ungengoja, na mimi ningeuona mkono wake kama vile yuko pale mlangoni.

Baada ya hoteli kubadilisha meneja, na meneja mpya kupenda kinanda, bendi ilitawanyika. Gadi alihamishiwa Kisumu na shirika lake. Mimi nikaenda kupiga kanisani. Mchungaji Kiongozi alikuwa mtu mpole mwenye kuogopa ngoma. "Ndugu Godoro," aliniambia siku ya kwanza, "hapa hatupigi, tunasindikiza." Alifunika snea kwa blanketi, akaweka mto ndani ya ngoma ya mguu. Nilicheka hadi wazee wa kanisa wakanitazama. Safari yote ile, na nilikuwa nimerudi kwenye mto.

Baada ya kanisa nikawa na bendi ya harusi, ambako bosi wangu alikuwa Mwenyekiti wa Kamati, mtu tofauti kila wiki lakini mwenye maneno yaleyale: "Punguzeni, bibi harusi anaingia." Kisha vifundo vya mikono vikaanza kunidai yote niliyovifanyia tangu ule mto wa kwanza. Daktari akaniambia niache. Nikaviweka vijiti juu ya kabati, nikahamia kwa binti yangu, mtaa wa Komarock.

Wimbo wangu haukustaafu nami. Ulipita kwa bendi moja hadi nyingine, kama nyimbo zinavyofanya zisiporekodiwa, ila jina langu lilibaki nyuma. Mara mbili tatu niliusikia kwenye sherehe na kuambiwa ni wa zamani, hauna mwenyewe. Niliumia kidogo, nisikudanganye. Lakini nilikuwa naangalia watu wanavyocheza, na maumivu hayakai sana hapo.

Kisha majuzi, Jumamosi mchana, nikasikia gita linakoroma kutoka gereji ya jirani. Nikafuata. Walikuwa vijana wanne, na mpiga drams alikuwa msichana anayeitwa Achieng, mwenye kifundo kizuri sana cha mkono. Walikuwa wakipiga "Maji Yamerudi". Mwisho wa ubeti wa pili wakanyamaza, Achieng akahesabu kwa midomo, kwa haraka, wakaingia.

"Mnaingia mapema," nikasema nikiwa mlangoni.

Wakageuka. "Niaje, mzee," akasema wa gita kwa heshima. "Hapo bomba limekauka. Ndivyo wimbo ulivyo."

"Najua. Ndimi niliyeutunga."

Walinitazama kwa upole ule anaotazamwa nao babu anayesema alikuwa mchezaji wa timu ya taifa. Achieng peke yake ndiye aliyeinuka kwenye stuli. "Basi tuonyeshe, guka," akasema, yaani babu kwa Kikuyu, ingawa mimi si Mkikuyu na yeye pia si.

Nikakaa. Mikono iliuma lakini ilikumbuka. Tulifika mwisho wa ubeti wa pili, nikalishika toazi. Wa gita alianza kuingia, nikatikisa kichwa. Akasubiri. Wakatazamana. Mmoja akaangalia simu yake, akairudisha mfukoni. Nje mtoto alikuwa anaburuta kigari cha waya, kisha hata yeye akanyamaza. Nami nikawa natazama mlango wa gereji, mahali pasipokuwa na mtu. Kisha nikagonga vijiti, na wale watoto wakaingia kwa nguvu ambayo wenyewe hawakujua wanayo. Tulipomaliza walikuwa wanacheka bila sababu.

"Mzee," Achieng akauliza, "ulikuwa unahesabu nini pale?"

"Sikuwa nahesabu. Nilikuwa namngoja mama mmoja ashushe mkono."

Nikawaeleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Hawakuniuliza tena kama kweli ndimi mtunzi. Tangu hapo wanatangaza kabla ya kupiga: wimbo wa Godoro, na ukimya wa Bi Zuhura.

Kijana, kama unashika vijiti leo, hilo ndilo nililo nalo la kukupa. Kasi utajifunza kwenye mto. Kungoja utajifunza kwa watu, na mara nyingi watakufundisha bila wao kujua.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kufika gerejini. Nikakuta muziki umekoma, vijana wote wanne wametulia, macho mlangoni. Hapo mlangoni walikuwa wamemsimamisha mlinzi wa geti, Bwana Mutiso, na sare yake na rungu lake, mkono mmoja juu. Jasho linamtoka. Aliponiona alininong'oneza kwa shida.

"Mzee, wameniambia niinue. Hawajaniambia nishushe lini."

Nikasimama kando yake, nikatega sikio.

"Bado kidogo," nikamwambia.